Shule ya Yacine Mdogo

Salamu za Yacine Ndao huwa ndefu. Alipopiga simu kutoka Thiès siku ile, alianza na miguu ya mama yake, akaja kwa kaka yake, akapita kwa watoto mmoja mmoja kwa majina, akauliza mvua, akauliza joto la Kaolack, akauliza mpaka mbuzi. Daba aliitikia yote, simu ameibana kwa bega, mwiko mkononi, kitinda mimba mgongoni. Alijua kuna neno linakuja. Wifi yake hakuwa mtu wa kumaliza salio kwa ajili ya mbuzi.

"Sasa, wifi," Yacine akasema, "wajina wangu amefika umri wa shule. Nitakuja kumchukua kabla hazijafunguliwa."

Daba akaitikia ndiyo, maana mdomo ulikuwa umeshazoea kuitikia. Kisha akashtuka. "Kumchukua kumpeleka wapi?"

"Kwangu, wapi tena? Shule iko mlangoni. Mwalimu akipiga chafya mimi namwambia afya. Nimeshaongea nao. Na wewe si ulinipa mwenyewe?"

Ni kweli alimpa. Yaani, alisema maneno ya kumpa. Siku ya jina, mtoto akiwa na wiki moja, kichwa kimenyolewa, uji wa mtama na maziwa ya mgando umeshaliwa, wifi alifika na vitambaa, hereni za dhahabu na kondoo wake mwenyewe, wakati kondoo wa baba wa mtoto alikuwa ameshachinjwa. Ua mzima ukapiga vigelegele. Daba akamchukua kichanga kwa mikono miwili, akamlaza mapajani mwa wifi yake, akasema kile ambacho kila mama wa huku husema: "Huyu si wangu tena. Ni wako, mchukue." Na wajina hujibu, "Nimempokea, nakuachia unilelee." Watu wanacheka, wanapiga makofi, wanarudi kwenye nyama. Wapo wanaotoa kweli, sikatai, lakini wengi wetu tunayasema kama unavyomwambia mpita njia karibu chakula, hutarajii avue viatu akae. Taabu ni kwamba Yacine Ndao hakujaliwa kuzaa, na mume wake alishatangulia, na nyumba yake ya Thiès ina vyumba vitatu anavyofagia peke yake. Mtu wa namna hiyo ukimwambia mchukue, anasikia mchukue.

"Shule hata hapa zipo, wifi," Daba alisema.

"Zipo, sikatai. Oumy wako yuko darasa la tano na ilani ya dukani hawezi kuisoma. Si wewe uliyeniambia?"

Ni kweli. Ni yeye aliyesema.

"Basi tusigombane," Yacine akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyetaka ugomvi kweli. "Tafuta shule hapo mtaani ambayo wewe mwenyewe unaiamini. Nikija uniambie nimepata, au sijapata. Ukisema umepata, namwacha, na begi nitamnunulia. Sitakwenda kukagua. Nakuamini, wifi."

Simu ikakatika, maharage nayo yalikuwa yameshika chini ya sufuria.

Nikwambie kidogo habari za huyu Daba Sarr, ili usimwonee. Meza yake ya kifungua kinywa iko kwenye kona ya barabara ya malori, na watu wa Kaolack wanaokula mkate wa maharage pale wanadhani maharage yale yanajipika. Jioni anayaloweka. Kabla ya adhana ya alfajiri moto unawaka. Jua likitoka yuko mezani, anapasua mikate, anapaka, anamimina kahawa yenye pilipili, anatukanwa na madereva wenye haraka. Akirudi kuna chakula cha mchana cha watu wote, kuna nguo, kuna watoto watano, na kuna mama mkwe, mama Astou, ambaye tangu miguu imvimbe hainuki mkekani ila kwa swala, na hata hapo ananyanyuliwa. Mume wake, Elimane, ni dereva wa lori la njia ya Mali. Akiwepo ni mtu mwema. Kuwepo ndiyo kazi.

Binti mwenyewe, Yacine mdogo, alikuwa wa nne, mwenye maneno mengi na magoti yenye makovu. Baba yake humwita dada, kwa kuwa amebeba jina la dada yake, na mtoto alishaijua faida yake. Akikemewa husema, "Baba, mimi ni dada yako mkubwa," na Elimane hucheka akasahau fimbo. Usiku hulala na mkono wake mmoja umeshika nguo ya mama yake, hata joto liwe vipi. Daba hakuwa tayari kumtoa. Hilo alikuwa na hakika nalo, na akaanza kutafuta shule.

Kwanza alikwenda kwa masista, amemshika mtoto mkono, wote wawili wamepaka mafuta. Sista wa mlangoni alikuwa mpole mno. Alisema nafasi zilikwisha tangu mwezi wa tano, na wengine huandikisha watoto wao kabla hawajaota meno. Alimpa mtoto maji ya baridi, akamwambia Daba ajaribu mwakani. Daba alishukuru, wakatoka. Angefukuzwa kwa ukali angalau angekuwa na kitu cha kusimulia.

Siku nyingine walikwenda kwa ustadhi Lo, anayefundisha Kifaransa na Kiarabu katika nyumba ya kupanga nyuma ya msikiti. Pale Daba alipapenda. Pamefagiliwa, mikeka imekunjwa, ustadhi mwenyewe anaongea taratibu. Karibu amwachie mtoto palepale. Lakini wakati wa kuagana ustadhi akasema kwamba mwaka huu mwenye nyumba anaitaka nyumba yake, kwa hiyo shule inahamia ng'ambo ya barabara kuu.

"Ng'ambo ya malori?" Daba akauliza.

"Ng'ambo hiyo hiyo, mama. Ila ni karibu tu. Unamvusha asubuhi, unamvusha mchana."

"Nani anamvusha?"

Ustadhi akamtazama kana kwamba hakuelewa swali. Kwake yeye mama wa mtoto alikuwa jibu tosha. Daba alirudi nyumbani akimvuta Yacine mkono, na mtoto akawa anauliza njia nzima kama shule ikihama, mikeka nayo inapanda gari la farasi.

Ilibaki shule ya serikali, ile ile ya Oumy. Alikuwa ameiruka makusudi. Mvua za mwaka ule zilikuwa mbaya, na mji wetu ukinyeshewa maji hayana pa kwenda, yanakaa uani na chumvi ya ardhi yetu mpaka yachoke yenyewe. Daba alimwacha Yacine na Oumy, maana mtoto alianza kikohozi, akaenda na kitinda mimba tu mgongoni. Uani mwa shule walikuwa wamepanga matofali ya kukanyagia. Aliruka tofali kwa tofali na mwili wake uliochoka, akafika darasa la mwisho, ambako mwanamume mmoja mrefu alikuwa amekunja suruali mpaka magotini, anachora herufi ukutani kwa rangi ya buluu.

"Nafasi hakuna, mama," alisema kabla hajageuka. "Darasa limejaa mpaka dirishani."

"Nimesikia," Daba akasema, akakaa kwenye dawati. Hakuwa anabisha. Miguu tu ilikuwa imegoma.

Mwalimu akageuka. "Wewe ni nani?"

"Daba Sarr."

Brashi ikawekwa chini. "Sarr. Sasa nimeelewa. Nikashangaa ni nani huyu anakaa bila kukaribishwa, kumbe ni mtumwa wangu Mserer. Mimi ni Diatta."

Daba hakuwa na nguvu za utani siku hiyo, lakini Mserer akikutana na Mdiola, watani wa tangu mababu, mdomo unajua njia wenyewe. "Bwana gani anapaka ukuta na suruali magotini? Babu yangu alikataa kuwanunua ninyi, alisema wanakula wali mwingi kuliko kazi wanayofanya."

"Heri sisi tunakula wetu. Mserer akiona sufuria msibani anamsahau maiti."

"Na wewe ukiona tembo la mgema unamsahau mama yako mzazi."

Mwalimu alicheka mpaka mtoto mgongoni akaamka. Alivuta dawati lingine, akakaa, akauliza habari za mtoto sasa kwa sauti ya kawaida, na Daba akamweleza yote: wifi, Thiès, maneno ya siku ya jina. Alimweleza na habari ya Oumy pia, waziwazi. Diatta hakujitetea. Alisema Oumy hakupita kwake, na kwamba yeye huwa hamwachi mtoto atoke darasa la kwanza bila kusoma, ikibidi anamfuata nyumbani. Jambo hilo Daba alikuwa ameshalisikia kwa jirani yake Ndella, ambaye mwanawe alitoka kwa mwalimu huyu akawa anasoma kila gari linalopita mpaka kichwa kikamuuma mama yake.

"Mtani akija nitamfukuzaje?" Diatta akasema. "Nitatembea na mkosi mwaka mzima. Mlete. Nitambana dawati la mbele. Ila ni zamu ya mchana, asubuhi nina kundi jingine. Wanaingia watu wakitoka kula, wanatoka jua likizama."

"Nitamleta."

"Kiti hicho nakuwekea wewe. Nisisikie umekaa nyumbani unakula."

Daba aliruka matofali akirudi, na safari hii hakuloa. Alikuwa amepata. Alitaka kumpigia wifi yake palepale, akaona hapana, maneno kama hayo husemwa ana kwa ana. Elimane alikuwa Mali, simu haishiki. Mama mkwe alikuwa amelala. Basi neno likabaki kwake, analizungusha moyoni anapopepeta maharage, na kwa siku mbili tatu alikuwa mchangamfu hata madereva waliliona.

Kisha mvua ikarudi. Maji yaliingia chumba cha watoto, wakahamia wote chumba cha Daba. Kitinda mimba akashikwa na homa. Oumy akakatwa na bati mguuni, ikawa hatumiki. Mama Astou akasema maumivu yamepanda kiunoni, akandwe kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Daba alikuwa anatoa maji kwa ndoo, anakanda, anapika, anapasua mikate, na mara moja alisinzia amesimama mezani, kisu mkononi, mpaka dereva mmoja akakichukua taratibu akapaka mkate wake mwenyewe. Hakuwa na hasira na mtu. Alikuwa amefika mahali ambapo hata hasira ni kazi. Katikati ya hayo yote Yacine mdogo alikuwa akimfuata nyuma na maswali yake, kwa nini maji yana rangi hii, kwa nini bibi hatembei, na siku moja Daba alimgeukia akasema, "Hivi wewe hunyamazi?" Mtoto akanyamaza. Usiku ule ule alishika nguo ya mama yake kama kawaida, na Daba akauondoa ule mkono kwa sababu ya joto.

Yacine mkubwa alifika siku ya Jumapili, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, amemletea mama yake mfuko wa samaki waliokaushwa. Alivua viatu mlangoni, akapandisha nguo, akashika ndoo. Sitamsema vibaya. Alisaidia kutoa maji, akamkanda mama yake mwenyewe, na chakula kilipoiva alimtengea Daba kipande kizuri cha samaki upande wake wa sinia. Mtoto alimganda. Wifi alikuwa amemletea sare, ya mraba mraba, na begi, na mtoto alivaa vyote viwili juu ya nguo za nyumbani akawa anazunguka uani.

Walipomaliza kula walikaa kivulini, mama mkwe mkekani, chai iko jikoni. Wifi akanawa mikono, akajifuta polepole.

"Haya, wifi," akasema. "Nilisema nitakuuliza, nami nakuuliza. Umepata?"

Daba alikuwa na jibu lake. Alikuwa nalo siku zote hizo. Akafungua mdomo, na wakati huo huo kitinda mimba akaanza kulia ndani, Oumy akaita mama, na mama mkwe akasema, "Daba, kabla hujasahau, maji yangu ya moto." Akaiona zamu ya mchana. Watu wakitoka kula, vyombo viko chini, mtu amwoshe uso huyu, amvalishe, ampeleke tofali kwa tofali, arudi, aoshe, afue, akande, akamchukue jua likizama, arudi, aloweke maharage. Kesho tena. Akamtazama mtoto na lile begi. Akamtazama wifi yake, aliyekuwa amekunja mikono mapajani kwa adabu, anangoja.

"Sijapata," Daba akasema.

Alisikia sauti yake ikilisema. Alingoja ajirekebishe. Kulikuwa na nafasi. Wifi alikuwa ameinamisha kichwa anashukuru Mungu kimoyomoyo. Daba angeweza kusema hapana, wifi, nimekosea, yupo mwalimu. Ni maneno mepesi hayo. Badala yake akainuka kwenda kuchemsha maji ya mama mkwe.

"Si kwamba nafurahi shule imekosekana," Yacine alisema nyuma yake. "Najua ulitafuta. Nilijua tu utatafuta kwa moyo wako wote."

Waliondoka kesho yake baada ya kazi ya meza, kwa gari la farasi mpaka stendi. Mtoto alikaa katikati, begi mapajani, hereni zake za dhahabu masikioni kwa mara ya kwanza tangu ziwekwe akiba.

"Mama, utanifuata Ijumaa?" aliuliza.

"Ijumaa kuna kazi. Nitakuja Tabaski, sikukuu ya kuchinja."

"Tabaski ni kabla ya Ijumaa?"

"Baada yake," Daba akasema. Akamfunga vizuri kamba ya kiatu, ingawa ilikuwa imefungwa. Wifi akamkumbatia muda mrefu, akamwambia sikioni kwamba hatamsahaulisha mtoto mama yake. Gari likaondoka. Mtoto alikuwa anamuuliza mwenye farasi jina la farasi.

Daba aliingia ndani. Nyumba ilikuwa kimya namna ambayo hakuizoea. Kitinda mimba homa imeshuka, amelala. Mama mkwe amekandwa na binti yake kabla ya safari, anasinzia. Oumy na wenzake walikuwa kwa Ndella. Hakukuwa na mtu anayemfuata nyuma. Alikaa kitandani apumue kidogo tu, akajinyoosha, akalala.

Alilala mchana kutwa. Hakuota, hakugeuka, hakusikia adhana. Alipoamka mwanga ulikuwa umeshahamia ukuta mwingine, na mgongo, ule mgongo uliokuwa ukimuuma tangu mimba ya mwisho, haukuuma. Macho yalikuwa mepesi. Alijinyoosha vidole vya miguu, akajisikia mzima, na akatabasamu peke yake kabla hajakumbuka.

Ndipo akalia. Hakulia kwa kumkosa mtoto, kumkosa kulikuwa hakujaanza bado. Alilia kwa sababu alikuwa amelala vizuri.

Mama mkwe alimsikia kutoka mkekani. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alijikongoja mwenyewe, ameshika ukuta, mpaka mlangoni pa chumba, akasimama pale anahema.

"Lia, mwanangu," akasema. "Lia, ni haki yako. Mimi nimekaa hapa nakuwaza wewe. Neno ulilisema siku ya jina mbele za watu na umelitimiza. Mwanamke mwingine angedanganya tu kwamba amepata shule, abaki na mtoto wake."

Daba alifuta uso kwa ncha ya kanga, akaitikia, "Ndiyo, mama," kisha akatoka kwenda kuloweka maharage.